Gurudumu Lenye Mabawa: Tarikhi ya Chama cha Wasafiri wa Baiskeli na Safari za Wanawake Wake

Wenyeji wa pwani hii ya Kilwa na Lindi hawahitaji kufundishwa kwamba safari huanza kabla ya msafiri kuondoka. Nahodha aliyekuwa akingoja kaskazi itulie au kusi ianze alitangaza azma yake mapema, ili mwenye shehena alete shehena, mwenye haja ya sahibu wa njiani amtafute, na yule asiyejulikana huko aendako apate kuulizia jina la mtu wa kumfikia. Ibn Battuta, aliyepita pwani ya Waswahili mwaka 1331 hata akafika Kilwa, ametuachia habari ya Mogadishu, alikowaona vijana wakiilaki merikebu kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, ili kila mfanyabiashara awe amekwisha kupata mwenyeji wake kabla hajatia mguu nchi kavu. Msafiri wa zamani, basi, alikuwa na siku iliyotangazwa, sahibu wa kufuatana naye, na mwenyeji wa kumpokea; na aliyekosa kimoja katika hivyo alihesabiwa kuwa ametoka bila kufunga mzigo.

Agosti 5, mwaka 2028, chama cha wasafiri wa baiskeli cha Uingereza, ambacho siku hizi hujulikana kwa jina la Cycling UK, kitatimiza miaka 150 tangu kuasisiwa. Umri kama huo haufikiwi na taasisi nyingi, na aghalabu zile zinazoufikia hufika zikiwa zimesahau haja iliyozizaa. Kwa hiyo nimeona yafaa kuiandika tarikhi yake mapema, tena kuiandika kwa upande wa wanawake, kwa sababu upande huo ndio uliobainisha kuliko wote thamani ya kutangaza safari kabla ya siku yake. Naandika nikiwa Kilangala, katika mkoa wa Lindi, ambako baiskeli imebeba samaki, nazi, ufuta, madumu ya maji na wagonjwa kwa miaka mingi, na ambako mwanamke ameijua zaidi kwa kuketi juu ya karia, miguu yote upande mmoja, kanga imebanwa isije ikaingia kwenye spoki, kuliko kwa kushika usukani. Nami nimebebwa hivyo mara zisizo na idadi. Ndiyo maana habari za wanawake walioshika usukani wenyewe, wakaandikiana siku na njia na mahali pa kulala, haziwi kwangu habari za nchi ya mbali.

Haja na kuasisiwa, 1878–1883

Katika miaka ya 1870 baiskeli ya Uingereza ilikuwa chombo cha ajabu na cha hatari: gurudumu la mbele lilifika kifua cha mtu mzima, la nyuma lilikuwa dogo kama la toroli, na mpandaji alikaa juu kabisa, hata jiwe moja njiani lilitosha kumtupa kichwa mbele. Reli ilikuwa imekwisha kuzinyang'anya barabara kuu wasafiri wake. Magari ya farasi ya abiria yalikuwa yametoweka, nyumba za wageni zilizoyategemea zimefifia, na mtu aliyetokea kijijini juu ya gurudumu refu, ametapakaa vumbi, alipokewa na mbwa, na vijana wenye mawe, na mwenye hoteli asiyejua amtoze kiasi gani. Ndipo Stanley Cotterell, mwanafunzi wa tiba kutoka Edinburgh, alipowakusanya wenzake katika mji wa Harrogate, Yorkshire, wakaunda chama wakakiita Bicycle Touring Club.

Madhumuni yao yalikuwa machache na ya wazi. Walitaka kuwezesha safari katika kila upande wa dunia. Kuwalinda wanachama dhidi ya kushambuliwa bila sababu. Kumpatia mwanachama sahibu wa kusafiri naye. Kupatana na hoteli ziwe vituo vyao kwa bei maalumu iliyopunguzwa. Na kumweka katika kila mji mpanda baiskeli mashuhuri atakayewapa wageni habari za njia na za malazi. Nimeyatafakari madhumuni haya mara nyingi, na kila mara lile la sahibu hunisimamisha, kwa maana watu hawa hawakuona haya kuandika katika kanuni zao kwamba upweke wa msafiri ni upungufu unaopaswa kutibiwa na jamii, kama vile unavyotibiwa upungufu wa ramani au wa kiraka cha tyubu.

Mwakilishi wa mji walimpa cheo cha konseli, na Mtanzania hawezi kumfikiria mtu huyo bila kumkumbuka balozi wa nyumba kumi: halipwi mshahara, lakini hapana mgeni apitaye mtaani asiyejulikana kwake. Hoteli zilizokubali masharti zilitundika ukutani alama ya Chama, ambayo baadaye ikawa gurudumu lenye mabawa, ikionekana tangu mbali na msafiri aliyechoka. Jarida la Chama likapita mikononi mwa wanachama, humo wakieleza safari walizozifanya, hali ya barabara walizozipita, na safari walizoziazimia. Vilima vikali vikawekewa vibao vya kuonya hatari, kwani breki za wakati ule zilikuwa dhaifu. Hata sare walikuwa nayo: kwanza ya kijani kilichokoza, kisha ya kijivu, baada ya kuona kwamba kijani hakifichi vumbi la njiani.

Mwaka 1880 Chama kiliwapokea wanawake. Tarehe hii yataka kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa gurudumu refu halikuwa chombo cha mtu aliyevaa gauni la kufika chini, na kwa hakika wanawake wengi wa siku zile hawakupanda baiskeli bali magurudumu matatu, chombo cha kuketi kwa starehe na heshima, ambacho Malkia Victoria mwenyewe alikinunua kwa James Starley mnamo 1881. Kwa hiyo Chama kilipobadili jina mwaka 1883 kikawa Cyclists' Touring Club, ili wenye magurudumu matatu wasihesabike kuwa wageni ndani yake, neno moja lililobadilishwa lilikuwa mlango uliopanuliwa kwa ajili ya akina mama. Katika mwaka huohuo E. R. Shipton alishika ukatibu, akaushika hadi 1907, naye ndiye aliyesimamia miaka ya ukuaji mkubwa.

Miaka ya magurudumu mawili sawa, 1885–1899

Vitu viwili vya karakana ndivyo vilivyobadili mambo, na haki ya fundi isisahauliwe. Mwaka 1885 John Kemp Starley, mpwa wa yule James, alitoa baiskeli yake ya Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, miguu ya mpandaji ikiwa karibu na ardhi; na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Kutoka katika umbo la Rover ikatoka ile tunayoiita hata leo baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha mnyororo na nyavu za kuzuia nguo gurudumuni. Na yeyote aliyeona kanga ikivutwa na spoki anajua kwamba wavu ule haukuwa pambo.

Mwaka 1886 Chama, kwa ushirikiano na umoja wa kitaifa wa waendesha baiskeli, kiliasisi jumuiya ya kudai matengenezo ya barabara. Waendesha baiskeli ndio waliopiga kelele kwanza kwa ajili ya barabara nzuri, kabla gari la kwanza la mafuta halijatembea katika nchi ile, na hao walioirithi barabara hiyo baadaye ndio wanaowapigia honi wapande ukingoni.

Kufikia 1892 wanawake walikuwa wengi kiasi cha kutaka jamii yao wenyewe, na Lillias Campbell Davidson, mzaliwa wa Marekani aliyeishi Uingereza, akaunda Lady Cyclists' Association, akawa rais wake. Huyu alikuwa mwandishi aliyejua safari: mwaka 1889 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha nasaha kwa wanawake wasafirio, nyumbani na ugenini, na mwaka 1896 akatoa kingine kwa wanawake wapanda baiskeli. Baadhi ya watu wamedhani kwamba kuunda jamii ya wanawake peke yao kulikuwa kujitenga. Mimi naona vingine. Mwanamke wa wakati ule, kama mwanamke wa miji mingi ya pwani yetu, hakuulizwa kwanza kama anaweza kusafiri, bali anasafiri na nani. Na jawabu lililokubalika mezani pa baba na mume lilikuwa majina ya wanawake wenziwe, siku iliyotajwa, na nyumba ya kufikia inayojulikana. Jamii ya wanawake iliyatoa majina hayo, na ruhusa ikapatikana pale ambapo hoja peke yake isingeipata.

Mwaka uliofuata, Septemba 1893, Tessie Reynolds, msichana wa miaka 16 wa mji wa Brighton, aliendesha baiskeli kutoka kwao hadi London na kurudi, mwendo wa maili zipatazo 120, kwa muda wa saa nane na nusu. Wakubwa wa magazeti hawakuzungumzia sana saa zile. Walizungumzia nguo, kwa kuwa msichana yule hakuvaa gauni refu bali suruali pana iliyofungwa chini ya magoti. Mjadala ule wa mavazi ndio uliokuja kukijaribu Chama katika jambo gumu kuliko yote ya ujana wake.

Oktoba 27, 1898, Florence Harberton, mke wa mwenye cheo cha Viscount na kiongozi wa jamii iliyoundwa mwaka 1881 kutetea mavazi yenye busara kwa wanawake, alifika kwa baiskeli katika hoteli ya Hautboy huko Ockham, kusini mwa London, akaomba chakula cha mchana. Alivaa koti na suruali pana za kuendeshea. Mwenye hoteli alimkatalia kuingia katika chumba cha kulia cha wageni, akamwambia kwamba kama ataka kula, basi ale katika chumba cha jirani na baa, walimokaa wanaume wakinywa na kuvuta tumbaku. Bibi yule aliondoka, akaipeleka habari kwa Chama chake.

Chama kingeweza kumwandikia barua ya pole. Badala yake kilifungua mashtaka, kwa hoja kwamba sheria ya zamani ya Kiingereza inamlazimisha mwenye nyumba ya wasafiri kumpokea kila msafiri mwenye adabu na mwenye kulipa, na kesi ikasikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwezi Aprili 1899. Baraza liliona kwamba chakula hakikunyimwa, kwa kuwa chumba kingine kilitolewa, na mwenye hoteli akaachiwa huru. Hivyo Chama kilishindwa, tena kilishindwa hadharani na kwa gharama. Mimi nakuhesabu kushindwa kule kuwa miongoni mwa mambo makubwa ya tarikhi yake, kwa sababu alama iliyotundikwa ukutani mwa hoteli ilikuwa ahadi kwa kila mwanachama, na siku ile wanachama wote, wa sare na wa gauni, waliona kwamba Chama kiko tayari kusimama mahakamani ili ahadi ile isiwe na sharti la siri kwa wanawake. Sisi tuliokulia katika miji ambamo nguo ya mwanamke hupimwa kabla ya haja yake kusikilizwa tunaielewa kesi hii bila mkalimani. Na mwenye kuvaa buibui juu ya baiskeli leo, na mwenye kuvaa suruali, wote wawili wanastahili chumba kilekile cha kulia.

Mwaka huo wa 1899 Chama kilifikia wanachama 60,449, idadi ambayo hakikuwa nayo tena kwa miaka mingi mno.

Kupungua na kudumu, 1900–1949

Motokaa ilikuja ikawachukua matajiri. Wanachama wakapungua, na ndani ya Chama pakatokea fikra ya kuwafungulia mlango wenye motokaa ili taasisi isife. Lakini mwaka 1906 mahakama ikaamua kwamba chama kilichoundwa kwa ajili ya waendesha baiskeli hakina idhini ya kujigeuza. Hukumu ile, iliyoonekana msiba wakati huo, ndiyo iliyokihifadhi. Vita vya kwanza vya dunia vilikidhoofisha zaidi, kisha, chini ya katibu G. H. Stancer, aliyeshika kazi tangu 1920 hadi 1945, kikainuka tena kwa wanachama wa namna nyingine: makarani, wafanyakazi wa viwanda, wauza maduka, watu ambao Jumapili yao ilikuwa moja kwa wiki na baiskeli ndiyo iliyowatoa katika moshi wa mji. Michoro ya kalamu ya Frank Patterson ilipamba jarida, nayo ilionyesha vichochoro, madaraja na nyumba za wageni kwa namna iliyomfanya msomaji ajaze upepo matairi kabla hajamaliza ukurasa.

Katika kipindi hiki jamii za wanawake zilizaliwa upya. Mwaka 1922 iliundwa Rosslyn Ladies Cycling Club huko London. Na mwaka 1938 msichana mmoja karani, Billie Dovey, aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Billie Fleming, alianza siku ya mwaka mpya kuendesha baiskeli akitaka kuwaonyesha wanawake wa nchi yake kwamba afya haihitaji mali. Aliendesha kila siku mpaka mwaka ukaisha, jua na theluji, akatimiza zaidi ya maili 29,600, ambazo ni wastani wa maili 81 kwa siku. Jioni nyingi alisimama mbele ya watu kuwazungumzia mazoezi. Hakuwa na gari la kumfuata. Ili aaminiwe, alichukua kadi ambazo watu aliowakuta njiani walizitia saini kushuhudia mahali na siku, kisha akazituma kwa gazeti la waendesha baiskeli. Zile kadi hunivutia kuliko idadi ya maili, kwa kuwa kila saini ni mtu aliyesimama kwa dakika moja kumwambia: nimekuona, umepita hapa. Rekodi yake ilidumu hadi 2016, miaka miwili baada ya yeye kufariki dunia akiwa na umri wa miaka 100.

Upande wa mashindano haukuwa na ukarimu kama wa safari. Ilimbidi Eileen Gray na wenzake waunde jumuiya ya wanawake ya mashindano mwaka 1949, kisha wapige hodi kwa subira katika shirikisho la dunia la baiskeli, lililoasisiwa Paris mwaka 1900, mpaka likakubali kuzitambua rekodi za wanawake mwaka 1955 na kuwaandalia mashindano ya dunia mwaka 1958, ambayo Elsy Jacobs wa Luxembourg aliyashinda barabarani.

Mgeni katika barabara zetu, 1992

Lipo jina ambalo halikuwa la uongozi wa chama chochote, lakini tarikhi ya wanawake wasafirio kwa baiskeli haikamiliki bila hilo. Dervla Murphy wa Ireland, aliyeondoka Ulaya katika baridi kali ya Januari 1963 akafika India kwa baiskeli yake, alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1992, umri wake miaka 60, akaendesha kutoka Kenya kupitia Uganda na Tanzania, kisha Malawi na Zambia, hadi Zimbabwe. Aliposhuka kwenye tandiko alisikiliza, na karibu kila aliyemsikiliza alimweleza maradhi yaliyokuwa yakizimaliza nyumba za njiani. Basi kitabu alichokitoa mwaka 1993 akakiita *The Ukimwi Road*, neno letu katikati ya maneno yake. Ni uchungu kuona ya kuwa neno la Kiswahili lililopata kuchapwa juu ya jalada lile ni hilo. Hata hivyo ni ushahidi kwamba mwanamke mzima, mgeni, bila msafara, alipita katika nchi zetu akapewa maji, kitanda na mazungumzo.

Wapo watakaosema kwamba mwanamke kama huyo anabatilisha haja ya chama. Mimi sioni hivyo. Msafiri mmoja hodari huthibitisha kwamba njia yapitika; lakini mama wa watoto wanne, mwenye nafasi ya siku mbili kwa mwezi, hahitaji uthibitisho bali tarehe.

Jina jipya, kazi ileile

Mwaka 2012 Chama kiliandikishwa kuwa taasisi ya hisani, na mwaka 2016 kikachukua jina la Cycling UK. Kazi zake zimeongezeka: kutetea usalama barabarani, kufundisha watu wazima kuendesha, kutoa bima, kuchora njia ndefu za mashambani na misituni, kutangaza kila mwaka majina ya wanawake mia moja waliowavuta wengine katika baiskeli. Vikundi vyake vya mitaa vingali vinatoa ratiba ya safari zijazo, ikitaja mahali pa kukutana, urefu wa njia, mwendo wa kundi, na mkahawa wa kupumzikia. Hilo la mwendo ni jambo la hekima, maana wengi hawaogopi umbali. Huogopa kuachwa nyuma.

Wanawake wa nchi ile na wa nchi nyingine wamekwenda mbali. Juliana Buhring aliizunguka dunia kwa baiskeli mwaka 2012. Jenny Graham wa Scotland akaizunguka mwaka 2018, peke yake na mizigo yake, kwa siku 124. Na Lael Wilcox wa Marekani mwaka 2024 kwa siku 108, tena akiwatangazia watu njia atakayopita ili mwenye kutaka aje na baiskeli yake wafuatane naye kwa maili chache. Nilipoisoma habari hiyo ya mwisho nilifurahi sana, kwani katika safari ya kasi kuliko zote hizo tatu bado lilikuwamo lile dhumuni la 1878, la kupata sahibu.

Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Barabara zilizotangulia kumlea Jeanne d'Arc Girubuntu, mwanamke wa Rwanda aliyeshiriki mashindano hayo huko Richmond, Marekani, mwaka 2015, zilijaa watu wa kila umri; wanawake walio chini ya miaka 23 walipewa mashindano yao yenyewe kwa mara ya kwanza; na Septemba 27, katika mbio kuu za wanawake za kilomita zaidi ya 160 juu ya vilima na mawe, Magdeleine Vallières wa Kanada alishinda. Kigali si Lindi, lakini si Harrogate pia.

Jedwali la tarehe kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1878 | Chama chaasisiwa Harrogate, Agosti 5 |
| 1880 | Wanawake wapokewa uanachama |
| 1883 | Jina labadilishwa kuwapokea wenye magurudumu matatu |
| 1885, 1888 | Baiskeli ya Rover. Tairi la upepo la Dunlop |
| 1886 | Jumuiya ya kudai matengenezo ya barabara |
| 1892 | Lady Cyclists' Association chini ya Lillias Campbell Davidson |
| 1899 | Kesi ya hoteli ya Ockham. Wanachama 60,449 |
| 1906 | Mahakama yakataa Chama kupokea wenye motokaa |
| 1922 | Rosslyn Ladies Cycling Club, London |
| 1938 | Mwaka wa Billie Dovey |
| 1949 | Jumuiya ya wanawake ya mashindano |
| 1958 | Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake |
| 1992 | Dervla Murphy apita Afrika ya Mashariki |
| 2012, 2016 | Taasisi ya hisani. Jina la Cycling UK |
| 2025 | Mashindano ya dunia Kigali |

Katika pwani yetu

Barabara yetu ya kusini ilikuwa mtihani hadi juzi. Masika ilipofika, Rufiji ilitufungia mlango, na msafiri wa Lindi au Kilwa alilala Ndundu akingoja kivuko. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata kidogo kidogo. Mwaka huohuo wa 2003 ulianza msafara wa baiskeli wa kila mwaka unaotoka Cairo kwenda Cape Town, nao hupita Tanzania kwa njia ya bara, Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya, wala haushuki kwetu. Kwa hiyo mwanamke wa Kilangala hajauona ukipita. Ila baiskeli anayo nyumbani, au anayo kaka yake, na fundi wa kuziba pancha yuko chini ya mwembe.

Nimejaribu kuandika, kwa desturi ya jarida lile la zamani, tangazo la safari moja ambayo ningependa kuiona imebandikwa mahali ambapo wanawake wa huku hukutana. Majira ni ya kusi, kati ya Juni na Septemba, mvua imekatika na hewa ni baridi asubuhi. Na kwa kuwa upepo wa majira hayo huvuma kutoka kusini, atokaye upande wa Lindi kwenda Nangurukuru huwa nao mgongoni. Mwendo ni wa aliye mzito kuliko wote. Kila mmoja achukue maji, kanga ya pili na tyubu ya akiba. Pampu moja yatosha kwa watu watano. Wale wa Nangurukuru wawangoje wenzao jioni, walale kwa wenyeji waliokwisha kuambiwa. Kesho yake kuondoka baada ya swala ya alfajiri, kuingia Kilwa Kivinje kwa chai na vitumbua, kufika Masoko kabla jua halijawa kali, kuziacha baiskeli kwa mwenyeji, kuvuka kwa mashua hadi Kisiwani, kuutazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kisha kurudi maji yakiruhusu. Kivuko cha jioni hutegemea bamvua na maji mafu, basi nahodha aulizwe siku mbili kabla. Asiye na baiskeli aseme mapema, atafutiwe.